Mwendesha pikipiki anapokumbana na dereva mzembe

MATATU inaacha njia ya kasi ghafla, bila indiketa, na kukata kuelekea kituoni kwa sababu abiria mmoja amepunga mkono. Nyuma yake yupo mhudumu wa bodaboda aliyebeba mteja. Ana muda usiozidi sekunde mbili wa kuamua. Wengi hutumia sekunde ya kwanza kupiga honi na ya pili kutusi, nayo breki husubiri zamu yake.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Gari linalotembea kilomita 50 kwa saa, ambacho ni kiwango cha juu kinachoruhusiwa mijini nchini Kenya, husonga takriban mita 14 kila sekunde. Pikipiki nayo ni hivyo hivyo. Mwendeshaji aliyepoteza sekunde moja kwa hasira amepoteza urefu wa matatu mbili, na hapana sheria itakayomrudishia umbali huo hata kama haki ilikuwa yake. Jibu la uzembe wa dereva mwingine, basi, huanza kwa kupunguza mwendo na kutafuta nafasi. Suala la nani alikosea hungoja.

Kuhusu breki zenyewe, wengi waliojifunzia mtaani hutegemea ile ya mguu na kuiogopa ya mkono, wakidai kuwa ya mbele huangusha. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa zaidi wa kuisimamisha. Breki hiyo huangusha inapofinywa kwa pupa, au usukani ukiwa umepinda, au kwenye changarawe na lami iliyoloa. Ifaavyo ni kuzitumia zote mbili kwa pamoja, pikipiki ikiwa imenyooka, na kuongeza nguvu ya ile ya mbele hatua kwa hatua. Mazoezi hayo hufanywa mapema katika uwanja mtupu, si mbele ya trela.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote kwenye makutano ni dereva anayetazama na bado asione. Uchunguzi mashuhuri ulioongozwa na Harry Hurt huko Los Angeles, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 1981, ulichambua kwa kina ajali 900 za pikipiki. Katika takriban theluthi mbili za ajali zilizohusisha gari lingine, dereva wa gari hilo ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki, na mara nyingi alikuwa akikunja kona mbele yake. Marekani huendesha kulia, kwa hivyo kwao kona hiyo ni ya kushoto. Nchini Kenya ni ya kulia: gari linalotoka upande wa pili na kukata barabara kuingia kituo cha petroli, duka kubwa au barabara ndogo.

Si busara kuyategemea macho ya dereva wa namna hiyo. Anaweza kumkazia mwendeshaji macho na akili yake isimsajili, kwa kuwa anatafuta umbo la gari. Gurudumu la mbele la gari lake ndilo shahidi mwaminifu zaidi, maana huanza kuzunguka kabla ya kiwiliwili cha gari kuonekana kikisonga. Mwendeshaji anayelikaribia gari lililosimama tayari kukunja hupunguza mwendo, huweka vidole kwenye breki na kuwasha taa hata mchana wa jua kali. Aidha, huepuka kujificha nyuma ya lori, kwani lori likipita tu dereva huona pengo na kuingia.

Barabara kuu zina balaa lake. Kwenye sehemu ya barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi kati ya Voi na Mtito Andei, magari huenda na kurudi katika barabara moja isiyotenganishwa kwa ukuta, na si ajabu basi kulipita lori huku pikipiki ikija mbele. Dereva huyo amekwisha kuamua kwamba pikipiki ndiyo itakayopisha. Ni dhuluma, lakini kupisha ndiko kutakakomfikisha mwendeshaji nyumbani. Hata hivyo, asitoke kwa kasi. Ukingo wa lami mara nyingi una ngazi iliyochimbwa na mvua, na gurudumu likiangukia hapo kwa kasi huteleza. Mwendo hupunguzwa lami ingalipo, kisha pikipiki huvushwa ukingo ikiwa imenyooka.

Anayefuatwa kwa karibu mno na gari nyuma hana sababu ya kukimbia zaidi. Humwongezea umbali aliye mbele yake, ili akilazimika kusimama asimame polepole, na panapopatikana nafasi humwacha mwenye haraka apite.

Baada ya kuponea chupuchupu ndipo hasira huja. Kumfukuza dereva, kupiga teke mlango au kuvunja kioo cha kando ni kumkaribia tena mtu yule yule aliyekwisha kuonyesha kuwa hajali, tena akiwa ndani ya chuma. Mbaya zaidi ni umati. Mnamo Machi 2022, wahudumu wa bodaboda walimshambulia dereva mwanamke katika barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi kufuatia ajali. Video ilienea kote, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaagiza msako, na maelfu ya waendeshaji ambao hawakuwapo wakajikuta wakibebeshwa lawama. Jinsi ajali yenyewe ilivyotokea halikuwa tena swali la mtu yeyote.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ina meno ya kutosha ikipewa ushahidi. Hutofautisha kuendesha kwa njia ya hatari na kuendesha bila uangalifu unaofaa, na yote mawili ni makosa. Humlazimu dereva aliyehusika katika ajali kusimama na kutoa jina, anwani na nambari ya gari, au kupiga ripoti kwa polisi katika muda wa saa 24. Kwa hivyo chenye thamani mikononi mwa aliyegongwa ni nambari ya usajili, picha za magari kabla hayajasogezwa, saa, na nambari za simu za mashahidi wawili watatu kabla hawajatawanyika.

Majeruhi asiinuliwe na kurushwa kwenye gari la kwanza linalosimama, wala kofia yake isivutwe kwa nguvu iwapo anapumua vizuri, kwa maana shingo huenda imeumia. Polisi hupigiwa simu kwa 999. Baadaye huhitajika fomu ya P3, ambayo hujazwa na daktari, pamoja na abstrakti ya polisi inayoonyesha kampuni ya bima ya gari lililogonga. Bima dhidi ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima, nayo ndiyo chanzo cha fidia katika kesi nyingi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Sheria hiyo hiyo humtaka mwendeshaji na abiria wake kuvaa kofia ya kinga na jaketi inayoakisi mwanga, na humruhusu kubeba abiria mmoja pekee. Mahakama huweza kugawa lawama kwa asilimia, na aliyebeba watatu bila kofia hupunguziwa fidia hata kama gari ndilo lililomgonga. Kesi ya kudai fidia kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali.