Ramani ya Westeros: Kwa Nini Ardhi Ndio Bosi wa Game of Thrones

Kama ulicheki Game of Thrones na watu wakianza kutaja Riverrun, Eyrie na Braavos ukabaki umekodoa macho tu, usijali, wengi tulipitia hapo. Shoo ilianza HBO 2011 ikaisha 2019, na House of the Dragon ikaturudisha huko 2022. Lakini wasee wengi bado wanajua majina ya familia bila kujua nani anakaa wapi. Na hapo ndio siri iko. Kwa hii dunia ya George R. R. Martin, mahali unakaa ndio panaamua utakula nini, utapigana aje na utakufa aje. Tuanze juu tukishuka.

Ukubwa na majira

Westeros ni bara refu, limenyooka kutoka kaskazini hadi kusini. Martin mwenyewe alishasema ukubwa wake ni kama Amerika Kusini. Watu huiita Falme Saba, lakini ukihesabu maeneo ni 9: North, Iron Islands, Riverlands, Vale, Westerlands, Reach, Crownlands, Stormlands na Dorne.

Kitu ya kwanza ya kushika ni majira. Huku kiangazi na baridi hazina kalenda, zinaweza kuvuta miaka. Shoo ikianza, kiangazi kimeenda zaidi ya miaka 9. Kuna vijana hawajawahi kuona baridi yenyewe. Sasa piga hesabu: baridi ikija ikae miaka, utakula nini kama hukuweka akiba? Hiyo swali iko nyuma ya kila vita.

The Wall

Ukuta wa barafu, urefu kama kilomita 480, kwenda juu kama mita 213. Yaani toa barabara ya Nairobi hadi Mombasa uigeuze ukuta, halafu upandishe KICC mbili, moja juu ya nyingine. Martin alipata hiyo idea 1981 akiwa amesimama kwa ukuta wa Hadrian huko Uingereza, ule Warumi walijenga. Kuna ngome 19 lakini zenye watu ni 3 pekee. Nyuma yake kuna msitu, milima na baridi isiyo na huruma.

North na Neck

North ni kubwa karibu kama falme zingine zote zikiwekwa pamoja, lakini watu ni wachache na shamba ni ngumu. Ndio maana kina Stark hawana mambo mingi. Kinachowalinda ni Neck, shingo nyembamba ya matope na maji yaliyotuama. Jeshi likitoka kusini lazima lipite njia moja nyembamba mbele ya ngome ya Moat Cailin, na hakuna jeshi la kusini limewahi kuibomoa hiyo njia kwa nguvu. Tope imefanya kazi ya askari maelfu.

Riverlands

Hapa ndio kila mtu huja kupigania. Udongo ni poa, mito ya Trident imejaa, lakini hakuna mlima wala jangwa la kuzuia mtu. Eneo liko katikati, so kila vita inapita hapo na mwananchi wa kawaida ndiye anachomewa nyumba.

Sasa cheki Red Wedding, sizoni ya 3. Hiyo stori inaanza na mto. Robb Stark anataka kuvuka Green Fork aokoe familia ya mamake, na daraja liko kwa kina Frey. Bei ya kuvuka ni kuoa binti yao. Robb akavuka, halafu akaoa mwingine. Ukifuata damu yote ya ile harusi nyuma, unafika kwa daraja.

Vale na Iron Islands

Vale imezungukwa na milima. Ngome yake, Eyrie, iko juu kabisa na kupanda ni noma. Ndio maana vita ya wafalme ikiwaka, wao walikaa tu wakitazama.

Iron Islands ni mawe matupu. Hakuna shamba la maana, so kina Greyjoy walijifunza kuchukua cha wengine kwa meli. Wamejenga mpaka dini na heshima yao juu ya hiyo njaa.

Westerlands na Reach

Hizi mbili zisome pamoja. Westerlands ya kina Lannister ina dhahabu, Reach ya kina Tyrell ina chakula. Kila mtu aliogopa dhahabu. Lakini sizoni ya 4 Tywin anakiri migodi imekauka, na deni liko Iron Bank ya Braavos. Reach nayo bado inavuna.

Sizoni ya 7 inamaliza huo ubishi. Jaime anaacha Casterly Rock, nyumba ya mababu zake, adui aingie akute stoo tupu. Yeye huyo Highgarden, kuchukua doh na nafaka. Dhahabu ikafika King's Landing salama, lakini mikokoteni ya chakula ikachomwa na joka njiani. Baridi ndio hiyo inabisha, na dhahabu hailiwi.

Dorne

Kusini kabisa, milima halafu jangwa. Aegon aliteka bara na majoka matatu lakini Dorne ikamshinda. Wenyeji waliacha ngome zikiwa tupu, wakapotea kwa mchanga, jua na kiu zikamalizana na jeshi. Waliingia Falme Saba karibu miaka 190 baadaye, tena kwa ndoa.

Essos, ng'ambo ya maji

Ukivuka Narrow Sea unapata Essos. Braavos ilijengwa na watumwa waliotoroka, wakajificha kwa visiwa vidogo kwenye ukungu, na leo ndio wanakopesha wafalme. Ndani zaidi kuna nyasi zisizoisha za Dothraki, hapo bila farasi wewe si mtu. Valyria, ile ilitawala kila mtu, ilimalizwa na volkeno zake yenyewe. Majoka hayakuiokoa.

Kwa hivyo?

Rudia shoo na ramani kando, utaona wafalme wanang'ang'ania kiti huku mashamba yanachomwa. Wakati watu wa King's Landing wanafanya fujo sizoni ya 2, hawaulizi nani ana haki ya kurithi. Wanataka mkate. Sisi wa mtaa tunaelewa hiyo bila kuelezewa: mvua ikikosa huko mashambani, bei ya unga inakupata hapa kwa kiosk, hata kama hujui hiyo shamba iko wapi.

Kiti kina watu wengi wa kukitaka. Stoo ya nafaka ndio haikuwa na mlinzi.