Nyama mwaka mzima, kisha glasi ya glukosi

Mapema mwaka 1928 wanaume wawili walilazwa katika Hospitali ya Bellevue, New York, bila kuumwa chochote. Mmoja ni Vilhjalmur Stefansson, msafiri mashuhuri wa nchi za barafu, aliyezaliwa Kanada kwa wazazi waliotoka Aisilandi. Wa pili ni Karsten Andersen, Mdenmaki aliyewahi kufuatana naye kaskazini. Walikuwa wamekubali kula nyama tupu kwa mwaka mmoja, madaktari wakiwachunga: hakuna mkate, hakuna kiazi, hakuna tunda.

Ugomvi ulianzia kwenye masimulizi ya Stefansson. Alikuwa ameishi miaka mingi miongoni mwa Wainuiti, akila samaki na nyama kama wenyeji wake, na aliporudi mjini akawaambia watu kwamba hakuwahi kuwa na afya bora kuliko wakati huo. Madaktari wengi hawakumwamini. Mla nyama tupu, walidhani, atapata kiseyeye na figo zake zitachoka. Basi daktari Eugene Du Bois na wenzake wakaamua kumjaribu mbele ya macho yao. Gharama zilitoka kwa jumuiya ya wasindikaji wa nyama wa Marekani. Muuza nyama akilipia utafiti wa nyama, msomaji ana haki ya kukunja uso, nami niliukunja. Ila vipimo vilifanywa kwa uangalifu ambao hata tafiti nyingi za leo haziufikii.

Wiki za mwanzo walilindwa wodini usiku na mchana. Baadaye waliachiwa waendelee na shughuli zao mjini, na hapo mlinzi akawa mkojo wao wenyewe. Mtu asipokula wanga, ini lake huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na sehemu ya ketoni hizo hutoka kwenye mkojo zikiwa na asetoni. Anayeiba kipande cha keki mtaani huumbuliwa na asetoni inayopungua. Mwaka mzima asetoni ilikuwepo.

Walichokula kilipimwa pia. Nyama ya ng'ombe, kondoo, nguruwe na kuku, pamoja na maini, figo, ubongo na uboho wa mifupa. Wanga wote waliopata kwa siku ulikuwa gramu 7 hadi 12, ule mdogo unaobaki ndani ya nyama yenyewe. Chapati moja ina wanga zaidi ya mara mbili ya huo. Kiasi cha robo tatu ya nishati yao, au zaidi, kilitoka kwenye mafuta, na hilo halikuwa la anasa. Mwanzoni Du Bois alimtaka Stefansson ale nyama isiyo na mafuta. Hazikupita siku tatu, akaanza kusikia kichefuchefu na kuharisha. Yeye mwenyewe alikuwa ameonya, kwa sababu kule kaskazini watu walijua kwamba anayeishi kwa sungura waliokonda hufa njaa tumbo likiwa limejaa. Aliporudishiwa mafuta, akapona.

Mwaka ulipokwisha wote wawili walikuwa wazima. Kiseyeye hakikuonekana, shinikizo la damu halikupanda, figo hazikuonyesha dalili ya kuharibika. Mashabiki wa nyama wanaosimulia habari hii hadi leo huishia hapo, wakipiga makofi. Mimi kinachonivuta ni makala nyingine, fupi, iliyochapishwa mwaka 1929 na daktari wa kundi lilelile, Edward Tolstoi. Yeye aliuliza swali ambalo msafiri hakulifikiria: watu hawa wakipewa sukari sasa, miili yao itaifanyia nini?

Akawapa glukosi na kupima damu yao saa baada ya saa. Sukari ilipanda kuliko inavyopanda kwa mtu wa kawaida, na ikachelewa kushuka. Ungeletewa majibu yale bila kuambiwa ni ya nani, ungemtilia shaka mwenye damu hiyo. Kumbe ni watu wawili wazima ambao mwaka mzima hawakugusa sukari hata kijiko. Kisha wakarudishiwa chakula cha kawaida, chenye mkate na viazi, na baada ya wiki chache damu yao ikarudi kuimudu glukosi kama zamani.

Tolstoi hakuwa wa kwanza kuiona ajabu hii. Karibu miaka 40 kabla yake, huko Prague, Franz Hofmeister aliwanyima mbwa chakula kwa siku kadhaa, kisha akawapa wanga; mbwa wale wakakojoa sukari. Hali hiyo akaiita kisukari cha njaa. Mwaka 1927, J. Shirley Sweeney wa Dallas aliwachukua wanafunzi wa udaktari na kuwagawa: wengine wafunge siku mbili, wengine wale mafuta, wengine protini, wengine wanga na vitu vitamu. Asubuhi ya siku ya tatu akawanywesha glukosi. Waliokula peremende na viazi ndio walioimudu vizuri. Waliofunga na waliokula mafuta sukari yao ilipaa. Siku mbili tu zilitosha.

Jambo hili linakwenda kinyume na akili ya nyumbani. Tumezoea kudhani kwamba mwili uliopumzishwa na sukari utakuwa na nguvu mpya ya kuipokea. Kinyume chake, mwili huo umehama. Misuli imejifunza kuchoma mafuta, na ikishajifunza huikataa glukosi, ili ile kidogo inayotengenezwa na ini ibaki kwa ajili ya ubongo na chembe nyekundu za damu. Mwaka 1963 Philip Randle na wenzake wa Cambridge walieleza jinsi mafuta na glukosi vinavyoshindana ndani ya misuli, kimoja kikichomwa kingine kinazuiwa. Kongosho nalo, lililokaa muda mrefu bila kazi kubwa, hukawia kumwaga insulini pale mzigo unapofika ghafla.

Huko London, Harold Himsworth alilipima suala hili kwa uvumilivu katika miaka ya 1930. Aliwalisha watu wazima milo yenye viwango tofauti vya wanga, akaona kadiri wanga ulivyozidi kwenye sahani ndivyo mwili ulivyoitikia insulini kwa wepesi. Huyu ndiye aliyetenganisha, mwaka 1936, wagonjwa wa kisukari wanaoitikia insulini na wale wasioiitikia, na mgawanyo wake ndio mzazi wa aina ya kwanza na ya pili tunazozitaja leo.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa sheria ya maabara ni Jerome Conn wa Ann Arbor, Michigan. Mwaka 1940 aliandika kwamba kipimo cha glukosi hakina maana usipojua mtu alikula nini siku zilizotangulia, na akataka kila anayepimwa ale kwanza gramu 300 za wanga kwa siku, siku tatu mfululizo. Baadaye kiwango kilishushwa hadi gramu 150. Shirika la Afya Duniani linaushikilia mwongozo huo hadi sasa: siku tatu za kula bila kujibana, zaidi ya gramu 150 za wanga kwa siku, ndipo mtu afunge usiku na kunywa gramu 75 za glukosi. Baada ya saa mbili, sukari ya milimoli 11.1 kwa lita au zaidi huitwa kisukari.

Msomaji wa Arusha au Narok ataniuliza, na Wamasai je? Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha ripoti iliyowalinganisha Wamasai na Wakikuyu wa Kenya, na tangu hapo Mmasai hutajwa kila anaposifiwa mla nyama. Lakini chakula kikuu cha moran, kijana shujaa wa Kimasai, wakati ule kilikuwa maziwa, na lita moja ya maziwa ina karibu gramu 50 za sukari. Anayekunywa lita mbili hayuko kwenye keto, yaani mlo wa kujinyima wanga, hata kidogo.

Wainuiti nao wana habari nyingine, iliyojitokeza mwaka 2014. Watafiti waliochunguza watu wa Greenland waligundua mabadiliko katika jeni moja. Aliyeyarithi kwa baba na kwa mama, sukari yake hupanda sana saa mbili baada ya glukosi, na uwezekano wake wa kuugua kisukari cha aina ya pili ni karibu mara 10. Huyo habadiliki kwa kula viazi wiki tatu. Kwa hiyo tusichukue yaliyowatokea wanaume wawili wa Bellevue, ambao ni wawili tu, tukayafanya kanuni ya kila mtu.

Hata hivyo makala ya Tolstoi ina kazi yake mjini kwetu leo, maana keto imefika Dar es Salaam na Nairobi, na mashine za kujipimia sukari kwa kujichoma kidole zinauzwa katika maduka mengi ya dawa. Mtu amekaa miezi minane bila ugali. Siku ya harusi anakula pilau na soda, anajipima, anaona namba ya kutisha. Pengine ni mwili uliohama tu. Pengine ni kisukari cha kweli. Namba moja ya baada ya pilau haiwezi kumwambia ni kipi, na hata mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imetulia kwa sababu hali wanga asidhani kongosho lake limepona.

Kama unafuata mlo wa keto na umeandikiwa kipimo cha glukosi, mweleze daktari kabla ya siku yenyewe. Muulize kama urudie wanga kwa siku tatu, au kama kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kitafaa zaidi. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asibadili sahani yake kwa siku hizo tatu bila kuelekezwa. Na mjamzito aliyeandikiwa kipimo hicho asikubali kupimwa kabla hajaulizwa anakula nini. Asipoulizwa, aseme mwenyewe.