Simba Wawili wa Mlima Kenya: Taswira ya Nchi Machoni pa Wageni

Taswira ya nchi ughaibuni haizuki yenyewe. Huundwa na wenye magazeti, vitabu na filamu. Makala haya yanachunguza jinsi taswira ya Kenya ilivyoundwa kati ya 1952 na 1966, kwa kutazama sehemu za Meru na Embu.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kundi moja la washukiwa. Ng'ambo, vita vya Mau Mau vilielezwa kuwa ni ushenzi, wala si madai ya ardhi na uhuru. Mwaka 1955 filamu ya Kiingereza kuhusu vita hivyo ilipewa jina la Simba. Neno ambalo kwetu humsifu shujaa likawa huko jina la kitisho. Takwimu za serikali yenyewe, zilizochapishwa katika ripoti ya Corfield mwaka 1960, zilihesabu raia wa Kizungu 32 waliouawa, na wapiganaji zaidi ya 11,000. Hata hivyo, ni wale 32 waliojulikana ng'ambo kwa majina na picha.

Mwaka huohuo wa 1960 kilitoka kitabu cha Joy Adamson, Born Free, kuhusu Elsa, simba jike aliyelelewa na wanadamu kisha akaachiliwa katika pori la Meru. Elsa alikufa mwaka 1961, akazikwa hukohuko. Filamu yake ikatoka 1966. Simba wa kutisha akawa simba wa kupendwa, na serikali huru ikairithi taswira hiyo kuwavutia watalii. Kaburi la Elsa lajulikana hadi leo. Makaburi ya wapiganaji wengi wa msituni hayajulikani hata na jamaa zao.

Ni kosa, basi, kudhani kwamba taswira ya pili iliisahihisha ya kwanza. Katika zote mbili mwenyeji ametajwa, lakini hakusema. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228, baada ya wazee wenyewe kusimama mahakamani na majalada yaliyofichwa kufichuliwa. Hapo ushahidi wa mwenyeji ulisikika London.

Wazee hao wanazidi kupungua. Yatupasa sisi wanalugha kukusanya masimulizi yao kwa Kimeru na Kiembu, na kuyachapisha pia kwa Kiswahili, kabla wengine hawajatusimulia tena.