Sadaka Isiyokatika: Wakfu na Fungu la Mtoaji Katika Pwani ya Afrika Mashariki

Wakfu ni mali iliyofungwa isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, ili mapato yake yaendelee kulisha jambo la kheri. Nyumba, shamba, kisima, msahafu, hata jeneza la mtaa, vyote huweza kuwa wakfu. Mwenye mali hutamka mbele ya mashahidi, na katika miji kama Lamu, Mombasa na Unguja aliweza kwenda kwa kadhi akaandikiwa hati. Tangu hapo mali si yake. Kinachombakia ndicho alichokuwa akikitafuta: thawabu zinazoandikwa kwa jina lake kila siku mali ile inapomfaa mtu, hata kama yeye amekwishazikwa.

Itikadi hii inatokana na Hadithi mashuhuri kwamba binadamu akifa matendo yake hukatika, isipokuwa sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha na mtoto mwema anayemwombea mzazi wake. Kisa kinachohesabiwa kuwa chimbuko la wakfu ni cha Umar bin Khattab, aliyepata shamba Khaibar akamwendea Mtume kumtaka shauri. Aliambiwa azuie shamba lenyewe na atoe sadaka matunda yake. Kipo pia kisa cha Uthman bin Affan, aliyenunua kisima cha Ruma huko Madina akakiacha kwa Waislamu wote, naye akawa anateka humo kwa ndoo yake sawa na mtu mwingine yeyote. Ndoo hiyo si jambo dogo. Wanazuoni walijadiliana kwa karne nyingi ni kiasi gani mtoaji anaweza kufaidi alichokitoa. Katika madhehebu ya Hanafi, rai ya Abu Yusuf inamruhusu mtu kujiwekea mapato ya wakfu wake muda wa uhai wake. Shafii, madhehebu ya Waswahili walio wengi, wanakataa: mtu hawezi kujitolea sadaka mwenyewe. Kuswali katika msikiti aliouweka wakfu, au kunywa maji ya kisima chake pamoja na wengine, hakuna ubaya. Kula kodi ya nyumba aliyoiweka wakfu hapana.

Kwa hiyo mtoaji wa pwani alipaswa kuitafuta faida yake kwa njia nyingine, na njia hizo ndizo zinazoifanya historia ya wakfu iwe pia historia ya miji yenyewe.

Ya kwanza ilikuwa dua. Msikiti unataka mafuta ya taa, mikeka, maji ya birika, imamu, mwadhini na mtu wa kufagia. Minazi kadhaa au nyumba moja ya kupangisha ilitosha kuyagharimia hayo mwaka mzima, na hati nyingi hazikutaka zaidi. Nyingine ziliongeza masharti: kiasi fulani kitolewe kwa futari ya Ramadhani, kiasi fulani kwa kusoma maulidi, kiasi fulani apewe mtu atakayesoma Kurani na kumrehemu mtoaji na wazazi wake. Msomaji hupata riziki, marehemu hupata hitima. Kitabu nacho kilikuwa hivyo hivyo. Katika hazina ya miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimo vitabu vilivyoandikwa kwa mkono kuwa ni wakfu, na mwanafunzi anayekifungua hukutana na taarifa hiyo kabla hajafika kwenye somo. Kila anaposoma, aliyekitoa ana fungu lake.

Wanawake hawakuwa nyuma katika jambo hili. Sheria ya Kiislamu inamwacha mke na mali yake mwenyewe, na Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na wanawake wengi waliomiliki nyumba na mashamba. Mwanamke hakuwa imamu wa msikiti wala kadhi, lakini aliweza kujenga msikiti na kuuwekea nyumba za kuuhudumia.

Njia ya pili ilikuwa ukoo, na hapa hesabu ndiyo inayoeleza mambo. Mirathi ya Kiislamu hugawanya mali kwa mafungu yasiyopindika, na wasia hauvuki thuluthi wala haumwongezei mrithi. Mtu amekufa akaacha mke, wana wa kiume wawili na binti mmoja, pamoja na shamba la mikarafuu 200. Mke hupata thumni, yaani mikarafuu 25. Inayobaki 175 hufanywa mafungu matano: kila mwana wa kiume 70, binti 35. Mmoja wa wana hao akifa naye, mama yake akiwa keshatangulia, akaacha mke na watoto wanne wa kiume, ile 70 hukatwa tena na kila mtoto huishia na mikarafuu 15 na kitu. Vizazi viwili tu, na shamba limekuwa vipande ambavyo hakuna anayeweza kuajiri wachumaji kwa ajili yake. Wakfu uliikata njia hiyo. Shamba likiwekwa wakfu kwa watoto, kisha wajukuu, kisha kizazi baada ya kizazi, na mwisho kwa maskini au msikiti pindi ukoo utakapokoma, mikarafuu haigawanywi. Kinachogawanywa ni fedha ya karafuu. Wakfu wa namna hii huitwa wa dhuria, tofauti na ule wa kheri unaokwenda moja kwa moja kwa umma.

Faida nyingine ilikuwa kinga dhidi ya deni. Sultani Seyyid Said na wafuasi wake waliijaza Unguja na Pemba mikarafuu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na wenye mashamba walizoea kukopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi wakitarajia mavuno yajayo. Kisha kimbunga cha 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa, na mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba. Madeni yalipanda, rehani zikaliwa. Shamba la wakfu lilikuwa nje ya hatari hiyo, kwa kuwa kitu kisichouzwa hakiwekwi rehani, ingawa kadhi makini hakukubali wakfu wa mali ambayo tayari ilikuwa mikononi mwa mdai.

Ni vizuri kukumbuka pia mali hiyo ilitoka wapi. Mikarafuu ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa. Thawabu za mwenye shamba zilikuwa zimetangulia kulipwa kwa jasho la wengine, na hati za wakfu hazikuona haja ya kulitaja hilo. Zilichokitaja mara kwa mara ni mahuru, yaani watumwa walioachiwa. Wapo matajiri waliowawekea mahuru wao kiwanja wajenge, au nyumba waishi, au fungu katika mapato ya shamba. Kwa huru asiye na ukoo wala ardhi, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko lote. Kwa mtoaji na wanawe lilikuwa na manufaa yake pia: watu wale walibaki karibu na nyumba ya bwana wao wa zamani, wakaja kwenye harusi na misiba yake, wakahesabiwa miongoni mwa watu wake. Katika jamii ambapo ukubwa wa mtu ulipimwa kwa wingi wa watu waliomzunguka, sadaka hii ilijenga heshima ambayo fedha haikuweza kuinunua.

Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe wa Unguja, ilikua kwa sehemu kutokana na utaratibu huo. Watu wa chini walijenga nyumba za miti na udongo katika viwanja vya mabwana, vingine vikiwa vya wakfu, kwa muda mrefu bila kudaiwa kodi ya ardhi. Ardhi ilipoanza kupanda bei na kuhesabiwa kibiashara, wenye viwanja wakaanza kudai. Mgomo wa kodi ya ardhi wa mwaka 1928 ulizuka katika mazingira hayo: waliokuwa wakiishi kwa hisani walitakiwa kulipa kama wapangaji.

Lamu ina mfano wa mtoaji aliyepata zaidi kuliko alivyotazamia. Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalil-Lail aliyekuja kutoka Komoro, alianza kusomesha upande wa Langoni watu ambao wakubwa wa mji hawakuwathamini, wakiwemo mahuru na wageni masikini. Msikiti wa Riyadha, uliosimama mwanzoni mwa karne ya 20 katika ardhi iliyotolewa wakfu, ukawa kitovu cha maulidi ambayo hadi leo huwaleta Lamu maelfu ya wageni kila mwaka. Kipande cha ardhi nje ya mitaa ya mawe, ambacho pengine kingebaki kichaka, kinaombewa dua na watu wasiojua hata kilikuwa cha nani.

Wengine walitaka wajulikane, na hawakuona haya. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja ambaye utajiri wake ulipitia biashara ya pembe na ushuru wa forodha, aliweka jiwe la msingi la hospitali mwaka 1887, katika jubilei ya Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 jengo likiwa halijakamilika, na ujenzi ulimalizika mwaka 1894. Halikufanya kazi ya hospitali kama alivyokusudia. Baadaye lilikuwa zahanati. Roshani zake za mbao zilizochongwa bado zinatazama bandari, na anayeuliza ni la nani hutajiwa jina la Tharia Topan. Huo haukuwa wakfu wa kadhi, ila faida kwa mtoaji ilikuwa ya namna ile ile.

Kwa Waingereza, faida hiyo ilikuwa ndilo tatizo. Katika sheria yao, sadaka ni ile inayokwenda kwa masikini, elimu, dini au manufaa ya umma. Katika Uislamu kumpa ndugu ni sadaka yenye ujira mara mbili, mmoja wa kutoa na mwingine wa kuunga udugu, na wanao ndio walio karibu zaidi. Mgongano ulikuwa hauna budi kutokea. Mwaka 1894 Privy Council, baraza la rufaa la juu kabisa la himaya, liliamua katika kesi kutoka Bengal, kwa hukumu iliyosomwa na Lord Hobhouse, kwamba wakfu ambao masikini hawapati kitu mpaka ukoo wa mtoaji ukome ni batili, kwa kuwa sadaka iliyomo ni ya jina tu. Waislamu wa India walilalamika kwa karibu miaka ishirini, hadi mswada ulioongozwa bungeni na Muhammad Ali Jinnah ukawa sheria mwaka 1913 na kuuhalalisha wakfu wa ukoo. Lakini sheria hiyo ilikuwa ya India. Afrika Mashariki ilibaki na hukumu ya 1894, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Privy Council iliithibitisha tena katika rufaa iliyotoka Kenya. Kenya ilitunga sheria mwaka 1951 iliyokubali wakfu wa dhuria kwa masharti. Kwa miaka mingi, basi, hati iliyokuwa sahihi mbele ya kadhi ingeweza kuvunjwa na jaji wa mahakama ya juu, na mrithi aliyetaka fungu lake taslimu alijua aende kwa nani.

Serikali za Waingereza hao hao ziliuchukua wakfu mikononi mwao. Makamishna wa wakfu waliwekwa kwa sheria ya mwaka 1900 katika pwani ya Kenya, na Unguja ilipata kamisheni yake mwaka 1905. Kabla ya hapo msimamizi alikuwa mtoto wa mtoaji, imamu au mzee wa mtaa. Sasa kukawa na daftari, karani, stakabadhi na ukaguzi. Baadhi ya ubadhirifu ulikoma, maana wasimamizi wa ukoo hawakuwa malaika. Kilichopungua ni ule ukaribu: mpangaji hakumlipa tena kodi mjukuu wa aliyetoa nyumba, alipeleka ofisini.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba makubwa ya Unguja na Pemba yalitaifishwa na kugawiwa wananchi eka tatu tatu. Nyumba za wakfu zilibaki chini ya kamisheni, ambayo leo huitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na inafanya kazi kwa sheria ya mwaka 2007, ikishughulikia pia mirathi, zaka na safari za hija. Nyingi za nyumba hizo zimo Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Maji ya mvua yakishaingia juu ya boriti, nyumba huanza kushuka ghorofa kwa ghorofa.

Kanuni ya fikihi ni kwamba pato la kwanza la wakfu ni la kuutengeneza wenyewe, kabla ya imamu, kabla ya masikini, kabla ya msomaji wa Kurani. Kodi za nyumba hizi kwa miaka mingi zilikuwa ndogo mno, nyingine hazitoshi hata chokaa ya ukuta mmoja. Katika nyumba ya namna hiyo jina la mtoaji lipo daftarini, mpangaji yupo na paa bado limesimama, ila fungu la hitima halijafikiwa.