Boyoma: Mitumbwi Ilipovutwa Nchi Kavu

Kati ya Ubundu na Kisangani, mto Kongo unashuka maporomoko saba. Mtumbwi wenye mizigo haupiti hapo.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1877, Henry Morton Stanley alifika hapo na wanaume, wanawake na watoto. Wengi walianza safari naye Zanzibar mwaka wa 1874, na walisema Kiswahili. Kila walipokuta maporomoko, walikata njia msituni kwa shoka, wakavuta mitumbwi kwa kamba mpaka kwenye maji yaliyotulia. Wakaaji wa kandokando walipigana nao, maana wageni wenye bunduki waliingia kwao bila ruhusa. Kazi ilichukua wiki kama tatu.

Ramani za Ulaya ziliyapa maporomoko jina la Stanley. Waliovuta kamba hawakutajwa.

Mwaka wa 1906, reli ya kilometa 125 ilianza kupitisha mizigo kandokando ya maji hayo. Leo maporomoko yanaitwa Boyoma, na Wagenia wangali wanatega samaki pale. Familia zilizokimbia vita na mizigo kichwani zinaijua kazi ya watu wale. Watoto wetu waelezwe habari zao pia.