Kocha wa Thabeet

Kijana wa Nassa, Tanzania, anayeota ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ana Mtanzania wa kumtazama: Hasheem Thabeet, wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Aliyemnoa huko Marekani alikuwa Jim Calhoun.

Calhoun alizaliwa mwaka 1942 karibu na Boston. Alifiwa na baba akiwa na miaka 15, baadaye akaacha chuo kwa muda kusaidia familia, akafanya kazi ya kuchonga mawe ya makaburi. Ilikuwa kazi ngumu, naye akawa kocha mgumu: wachezaji wake waliuonja ukali wake mazoezini.

Alifundisha Chuo Kikuu cha Northeastern kuanzia 1972, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 1986. Msimu wa kwanza alishinda michezo 9 tu, akapoteza 19. Hakukata tamaa: timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 1999, 2004 na 2011.

Thabeet aliwasili Connecticut mwaka 2006, bado mgeni wa mchezo wenyewe. Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Miezi michache baadaye Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili kati ya chipukizi wote, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Calhoun alistaafu mwaka 2012, lakini mwaka 2018 alirudi uwanjani kuanzisha timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Saint Joseph, chuo kidogo cha Connecticut.