Ngozi na Jua: Historia ya Kuwatibu Watu Wenye Ualbino Mjini Moshi

Hapa Kampala mabango ya kliniki za urembo yameongezeka. Yanaahidi kuondoa madoa na mikunjo iliyoletwa na jua, kwa leza au kwa dawa za kuchubua ngozi. Kwa wateja wengi hilo ni jambo la sura tu. Lakini wapo ndugu zetu ambao kwao ngozi iliyoharibiwa na jua ni jambo la kufa na kupona. Hao ni watu wenye ualbino. Katika insha hii nitaeleza jinsi hospitali moja ya nchi jirani, Tanzania, ilivyojifunza kuwatibu, na kwa nini somo hilo linatuhusu sisi Waganda pia.

Mtu mwenye ualbino huzaliwa na upungufu wa melanini, yaani rangi ya asili inayokinga ngozi dhidi ya mionzi ya jua. Jua linapompiga siku baada ya siku, ngozi huwa nyekundu, kisha hukakamaa na kutoa madoa na magamba magumu, hasa usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Baadhi ya magamba hayo hugeuka vidonda visivyopona, na hatimaye saratani. Nchini Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Wengi wao huishi vijijini, ambako kazi ya shamba hufanywa juani.

Hapo zamani wagonjwa hawa walifika hospitali wakiwa wamechelewa sana. Mwaka 1985, daktari Luande na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Walionyesha kwamba madhara ya jua huanza tangu utotoni, na kwamba saratani huwafikia wengi wangali vijana. Wakati huo tiba ilikuwa kisu na mionzi. Vyote viwili ni vya lazima saratani ikishaingia, lakini havimrudishii mtu sikio lililokwisha kuliwa na ugonjwa. Tena vilipatikana katika miji mikubwa, mbali na yule mkulima.

Mabadiliko makubwa yalitokea Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko kuna Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilianzishwa hapo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kinachojulikana kwa kifupi RDTC. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha matabibu na wauguzi wa nchi mbalimbali za Afrika, kwa sababu madaktari bingwa wa ngozi walikuwa wachache mno. Wahitimu wake hurudi kuhudumu katika nchi zao, na Uganda ni mojawapo.

Walimu wa kituo hicho waliona kwamba kumsubiri mgonjwa mlangoni hakutoshi. Wakaanza kumfuata vijijini. Mwaka 1995 daktari Barbara Leppard na wenzake walitoa taarifa juu ya wagonjwa 164 wa kaskazini mwa Tanzania walioandikishwa katika mpango huo wa kliniki za kutembelea. Kazi ya kliniki hizo ni rahisi kuieleza. Mgonjwa hukaguliwa ngozi yote iliyo wazi. Gamba linalotia shaka hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo baridi yake hufikia nyuzi 196 chini ya sifuri, nalo hufa na kubanduka kabla halijawa saratani. Uvimbe mkubwa hupelekwa hospitali ukakatwe. Kisha mgonjwa hufundishwa kuvaa kofia yenye ukingo mpana na nguo za mikono mirefu, na kuepuka jua la mchana.

Palibaki tatizo la mafuta ya kukinga jua. Dukani bei yake ilikuwa juu kuliko uwezo wa mkulima, na yale ya msaada kutoka ng'ambo hayakuwa na ratiba. Leo yapo, kesho hakuna, na ngozi haiwezi kungoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mfamasia wa Kihispania Mafalda Soto Valdés alishirikiana na watu wa Moshi kuanza kuyatengeneza palepale KCMC. Mafuta hayo yaliitwa Kilisun, jina lililotokana na Kilimanjaro na neno la Kiingereza la jua. Kampuni ya Ujerumani BASF ilisaidia utaalamu na malighafi. Baadhi ya waliofanya kazi ya kuyatengeneza wana ualbino wenyewe, na wagonjwa waliyapata bure.

Katika miaka hiyohiyo habari nyingine ilitangazwa duniani kote: mauaji ya watu wenye ualbino kwa sababu ya ushirikina, nchini Tanzania na hata Burundi. Watoto wengi walihamishiwa shule za bweni, kama Buhangija mkoani Shinyanga, ili wawe salama. Hatua hiyo iliokoa maisha, lakini ukuta wa bweni huzuia panga, hauzuii jua. Ndiyo maana naona historia ya Moshi haipaswi kufunikwa na ile ya mauaji. Saratani nayo inaua, ila inaua polepole na haitangazwi redioni.

Nilipokuwa shule ya msingi nilisoma na mwenzetu mmoja mwenye ualbino. Kila asubuhi kwenye gwaride aliamriwa kuvua kofia, kwa kuwa haikuwa sehemu ya sare. Tulisimama karibu nusu saa, naye akikunja uso na kuinamisha kichwa. Sisi tulicheka, tukidhani anaona haya. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, bali hakujua, na sisi hatukujua. Niliposoma juu ya kliniki za Moshi ndipo nilipoelewa kuwa zile nusu saa zilikuwa zikijumlishwa katika ngozi yake.

Kwa kumalizia, wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na Moshi walilithibitisha kwa vitendo, kutoka kisu hadi naitrojeni, na kutoka naitrojeni hadi kofia na mafuta. Hatua ya mwisho haihitaji daktari bingwa. Shule yoyote ya Uganda inaweza kuruhusu kofia kwenye gwaride kuanzia kesho, na haitagharimu hata shilingi moja.